Alama ya Ng'ombe Kwenye Bunduki

Tereza, sina mbavu! Shangazi kanisimulia habari za babu yake Matonya, askari wa Mjerumani pale boma la Kilimatinde.

Bunduki zote zina taji lilelile kwenye chuma, na namba hajui kusoma, sasa yake ataijuaje? Akachukua tupa, akachonga pengo kwenye taji, kama wanavyokata masikio ya ng'ombe wa kwao wajulikane ni wa nani.

Wenzake wakadhani ni dawa ya shabaha. Wakachonga pengo lilelile. Kikosi kizima!

Siku baba yake Matonya kaja kumsalimia, akaziinamia bunduki, akaona kila moja ina pengo la kwao. "Hizi zote zangu."

Bwana mkubwa wa Kijerumani akafoka: "Ni za Kaisari!"

Mzee, mfugaji anayemjua kila ng'ombe wake na mama yake, akainua bunduki moja. "Kama ni zake, hii hapa mama yake nani?"

Tereza. MAMA YAKE NANI!!