Daraja la Sajini Weldon

Syprose, uko? Usipige simu, nitalia tu.

Nimetoka kupima majani ya chai, nikapitia kwa shemeji Weldon nimwachie maziwa. Nimemkuta kwa kompyuta ya mtoto wake anacheza mchezo wa vita. Mzee mzima, sajini aliyestaafu!

Wanajeshi wake amewapa majina. Nikasoma moja: TONUI.

Jina la marehemu mume wangu, Syprose! Kwetu jina la marehemu tunampa mtoto akizaliwa. Yeye ameipa mashini!

Halafu namsikia akisema, "Tonui, leo usivuke. Ngoja daraja likaguliwe kwanza."

Nikamuuliza, daraja gani? Akashtuka hadi kiti kikaanguka. "Mama Faith... siku ile nilimtuma avuke kabla halijakaguliwa. Hakufika ng'ambo. Nilikuwa na haraka."

Alikuwa na haraka!!

Tangu Tonui afe 1993 ananiambia ni lori la jeshi lililopinduka. Alileta sanduku la mwili, akala kwangu, akashika Biblia akasema lori. Na mimi namwombea huyo Weldon kila Jumapili, wewe ukiwa hapo kando yangu!

Eti, "Hapa kwa mchezo namrudisha nyumbani kila siku." Nyumbani kwa nani? Mimi sijamwona!

Nikamwambia, "Futa jina lake. Andika lako. Haya, vuka."

Akaandika WELDON. Kidole kikakataa kubonyeza. Nikangoja. Kikakataa.

Syprose, huo ni mchezo tu, na ameshindwa kuvuka.

Nimechukua maziwa yangu nikarudi nayo.