Mara Ngapi Ni Nyingi Mno

Jumatatu, 4 Machi
Kazi mpya. Kamati ya hospitali: madaktari watano, wote wanaume, muuguzi mkuu, na mimi karani wa kuandika kumbukumbu. Ajenda — tamaa ya tendo la ndoa iliyopita kiasi iwe ugonjwa wa akili, na iwe na fomu yake. Saa nzima wamebishana idadi. Mara ngapi kwa wiki ndiyo ugonjwa? Mwenyekiti kasema tano. Daktari kijana akakohoa, kaona kidogo. Daktari mzee wa meno, sijui nani kamwalika, kasema mbili zinatosha kumlaza mtu wodini. Kila mmoja anaweka mpaka pale anapoishia yeye, kisha anaongeza moja juu, ya heshima.

Jumatano, 6 Machi
Muuguzi mkuu kauliza: si tuangalie kama mtu ameshindwa kujizuia, maisha yanaharibika, mwenyewe anateseka? Idadi ya nini? Wakamshukuru kwa mchango wake. Maana yake: kaa kimya.
Tukajadili dereva mmoja. Wanawake wanne, mke kamkimbia, kazi inaponyoka, analia kuwa hawezi kuacha. Kamati: ni mchangamfu tu. Apunguze.

Alhamisi, 7 Machi
Faili la pili. Mwanamke, miaka thelathini na mmoja, mshonaji, kaletwa na mume. "Hatosheki," mume kaandika. Mwandiko naujua. Ni wa shemeji. Mgonjwa ni mdogo wangu.
Wakakubaliana upesi: huyu ndiye mfano wetu. Sikusema ni ndugu yangu. Wangenitoa, na nani angeandika? Hivyo nimejiambia. Ukweli niliona haya.
Nikampigia simu. Akacheka. "Dada, namwomba mume wangu, siyo wa jirani." Kisha akaacha kucheka, akanieleza. Shemeji kasema karatasi ya daktari ikitoka, mdogo wangu anarudi kwa mama, watoto wanabaki kwa baba yao.

Jumatatu, 11 Machi
Mapumziko ya chai. Naandika chooni, mlango nimefunga.
Mdogo wangu kaitwa mbele ya kamati. Gauni kajishonea mwenyewe. Hakunitazama, tulipatana hivyo. Shemeji kando yake, mpole kama mwanakwaya.
Mwenyekiti: "Mama, kwa wiki mara ngapi?"
"Kuomba au kupewa?"
Daktari kijana akatafuta kalamu aliyoishika.
"Kuomba."
"Tatu."
"Na kupewa?" Huyo muuguzi mkuu, hakungoja ruhusa.
"Tangu mwaka jana, hata moja."
Mzee wa meno akageuka, akamtazama shemeji kwa mara ya kwanza. Shemeji akatazama dari. Mwenyekiti akagonga meza: "Karani, andika tatu."
Nimeandika tatu. Fomu haina safu ya kupewa. Nimeichora hapa chooni, kwenye fomu yenyewe, kwa rula, nikajaza sifuri. Sasa nasikia viti vinaburutwa, wamerudi. Mwenyekiti anauliza karani yuko wapi, na lile faili analo nani.
Ninalo mimi, magotini. Wino haujakauka.