Mguu wa Benchi la Seddi

Jumatatu, 8 Septemba
Assalamu alaikum, daftari. Umeamkaje? Mimi mzima, ila mkono. Tangu asubuhi napiga patasi, madawati ya madrasa. Matundu kumi na kifundo kimevimba kama andazi. Daktari alishanionya: nikiendelea hivi, mkono utakufa ganzi. Seremala bila mkono ni nini?

Seddi yangu Bare, kaka wa mke wangu, anauza mashine yake. Inatoboa mbao zote mbili unazounga, unachomeka kijiti katikati, gundi, basi. Anataka bei ya ngamia. Ninaye mmoja tu, wa maziwa, yuko kwa ndugu yangu kule Modogashe. Nimeswali istikhara, Mungu anichagulie; sasa nangoja ndoto.

Jumanne, 9 Septemba
Sikuota kitu.

Nimeenda hoteli ya soko la mbuzi kuangalia benchi ambalo Bare aliliunga kwa mashine hiyo. Nimekaa, likacheza. Nimeshika mguu, ukatoka. Ndani kijiti kinaelea, gundi imening'inia kama kamasi ya mbuzi mgonjwa. Kinyaa. Chai imenishinda. Nikauinua ule mguu watu wote waone. "Hii ndiyo kazi ya seddi yangu. Kaeni chini, mkeka hauvunjiki." Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Jumatano, 10 Septemba
Sinunui. Mashine ya uongo. Nimemwambia mke wangu Habiba. Ameendelea kumimina uji wa anjera kwenye kikaango.

Mkono unauma.

Alhamisi, 11 Septemba
Bare amekuja. Hakukaa. Ameweka ule mguu juu ya meza yangu ya kazi. "Seddi, mbao hii nilinunua kwako."

Nikaijua. Walaahi nikaijua. Ilishuka kwenye lori kutoka nchi ya baridi, bado ina maji. Mbao kama hiyo ikikutana na joto letu inasinyaa, viungo vinalegea. Zangu nazisimamisha kivulini miezi kabla sijazigusa. Yeye nilimuuzia siku ile ile na sikumwambia neno. Niliona afadhali aharibu, wateja warudi kwangu.

Tundu la mashine ni safi kuliko langu. Nimelipima kwa kidole. Uchafu ni mimi. Astaghfirullah.

Ijumaa, 12 Septemba
Baada ya swala nimemuuliza sheikh mbona siletewi ndoto. Akasema istikhara si kungoja ndoto. Omba, shauriana, kisha shika lililo sawa.

Nimerudi hoteli. Watu wale wale. Nimesema mbao ilikuwa yangu, mbichi, na nilijua. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja ametema mate pembeni. Ana haki.

Habiba nimemweleza yote. Akasema, "Ngamia hununuliwa. Mkono haununuliwi. Lakini anza na kaka yangu."

Jumapili, 14 Septemba
Nimempelekea Bare mbao zangu kavu, zile nzuri. Hakuwepo. Nimeziacha kwa mkewe. Mashine nitanunua, kama bado anataka kumuuzia mtu kama mimi.

Upepo na vumbi. Sijafungua karakana. Nimeandika ujumbe kwenye simu, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nimetuma huu: Seddi, nilikudhulumu mara mbili, kwenye mbao na mbele ya watu. Nisamehe. Tafadhali nijibu mapema.