Darasa la Badi na Ilani ya Mferejini

Mjambere, Kisauni,
Mombasa.
Jumatano, 17 Oktoba 1962

Mpendwa ndugu yangu Dhahabu,

Assalam aleikum warahmatullah. Kabla ya lolote, mpokee aliyekuletea barua hii. Mpe maji ya mtungini, mkalishe barazani na Shemeji Nassor, halafu wewe ingia chumbani uisome peke yako. Na tafadhali usisome kwa sauti. Nakujua wewe, tangu chuoni ukisoma mtaa wa pili wasikia.

Mimi hali yangu njema, alhamdulillahi, ila magoti haya, nikiinama kuinuka ni kazi. Wewe je? Kifua kimekuacha? Na mwanao Tumu amejifungua salama? Kila nikiswali nakutajeni mmoja mmoja, na nikifika kwako husimama kidogo nikakumbuka tulivyogombania ukoko wa pilau kwa bibi, nawe ukashinda kwa kuulamba kwanza.

Sasa chungulia pazia umtazame vizuri huyo kijana aliyeko barazani. Ndiye Badi wangu. Ulimwacha ana surua, kichwa kikubwa mwili hakuna, ukaniambia huyu atakuwa mvulana wa kichwa tu. Ulisema kweli! Cheti chake nimekitia fremu, kimetundikwa pale ilipokuwa picha ya marehemu babake, na marehemu nimemsogeza upande wa dirisha, najua hataudhika. Yuko ofisini bandarini, ana meza yake na kiti chake, na Mzungu wake akitaka barua iandikwe sawasawa humwita yeye. Hati yake, Dhahabu, ukiitazama utadhani imepigwa chapa.

Yeye ajua amekuja kumletea Shemeji kofia niliyomshonea, alale kwenu siku mbili, Jumamosi asubuhi arudi. Lakini mimi sikuleta kofia. Nimekuletea yeye. Usimwache arudi.

Nitakueleza kwa taratibu, maana nikieleza kwa pupa utapiga ukelele naye asikie.

Tangu mwaka jana Badi alianza kusomesha Kiingereza sebuleni kwangu, jioni akitoka kazini. Watu wazima, si watoto. Kila mtu asema Uhuru waja, Wazungu wataondoka waache viti, na viti havikaliwi na asiyejua lugha. Basi wakaja. Alikuja Gershom, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mlinzi wa ghala, na mkewe Kaviha, yule aliyenikanda miguu mwaka niliougua. Akaja Ngowa wa machimbo ya mawe kule Bamburi, mtu wa maskhara, mikono imejaa vumbi jeupe hata akishika chaki huwezi kujua chaki ni ipi. Na wengineo, sebule ikajaa. Mimi huketi nyuma ya pazia nikishona, nami masikio hayana pazia.

Somo lililowashinda kuliko yote lilikuwa la kutendwa. Sisi kwetu ni rahisi, twabadilisha mkia wa neno tu: nimekuna nazi, nazi imekunwa, kwisha. Mzungu hana mkia wa hivyo. Badi aliwaandikia ubaoni: Mother grated the coconut. Kisha akaigeuza: The coconut was grated by Mother. Akawaambia, tazameni, nazi iliyokuwa nyuma imekuja mbele. Halafu lazima atiwe msaidizi katikati, ndiye anayebeba wakati: kama ni desturi ya kila siku ni is, kama yamepita ni was, kama bado hayajafika ni will be. Kisha kitendo chenyewe huvaa sura yake ya tatu. Kuvunja ni break, broke, broken. Ya kutendwa ni hiyo broken ya mwisho. Na mimi mtenda, niliyekuna nazi kwa jasho langu, nimetupwa mwisho kabisa nyuma ya by.

Nilizikariri sura zile tatu nikikoroga uji. Usicheke. Ningeendelea na shule ile ya wasichana ningekuwa mbali.

Siku hiyo Ngowa akauliza, "Mwalimu, na huyo mtenda, ni lazima atajwe?"

"Si lazima. Ikiwa hajulikani, au hatakikani kujulikana, huachwa."

"Yaani Bwana Mkubwa akivunja kikombe, kikombe kimevunjwa tu?"

"Naam. Kimevunjwa."

"Lo! Na sisi miaka yote hii twasema, mimi nimekivunja, bwana, nisamehe! Hii ndiyo lugha, jamani. Tuijue kabla hawajaondoka nayo."

Sebule nzima ikacheka, na Kaviha akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Nami nyuma ya pazia nikacheka. Ndicho kicheko cha mwisho nilichosikia humu ndani.

Baada ya Maulidi ilibandikwa ilani kwenye nguzo ya mferejini, pale tunapochotea maji. Ya Kiingereza kitupu. Watu wakajazana, wakamwita mwalimu wao. Nikatoka naye, maana mwana akiitwa na watu vile, mama haketi ndani. Badi akaisoma kwanza mwenyewe mpaka mwisho. Kisha akawafasiria: nyumba zote za upande huu zitabomolewa, wakazi watahamishwa, minazi itahesabiwa, na atakayekutwa baada ya mwisho wa mwaka ataondolewa kwa nguvu.

"Zitabomolewa na nani?" akauliza Gershom.

"Haikuandikwa."

"Tutahamishwa na nani? Mwenye shamba? Serikali? Hao wanaokuja na Uhuru?"

"Haikuandikwa, Gershom. Imeandikwa itakavyokuwa tu. Ni lile somo letu."

"Somo letu," Gershom akasema. Akamtazama vile mtu anavyotazama kisima alichokinywea jana na leo kimeingia mdudu.

Wengi hawakuwapo, walikuwa makazini. Basi mimi nikamwambia Badi, iandike na kwa Kiswahili papo chini yake, mwanangu, watakaokuja jioni nao wasome. Nilitaka watu waone hati yake. Akatoa kalamu, akaandika vizuri, herufi zimekaa kama wanawali harusini. Nikasimama kando nikijisikia mrefu.

Waliokuja jioni hawakukuta Kiingereza, maana hawakijui. Walikuta maneno kwamba nyumba zao zitabomolewa, na waliyakuta kwa hati wanayoijua ubaoni.

Dhahabu, watu hawawezi kulala na jambo lisilo na mwenyewe. Mtoto akifa wataka kujua nani kamtia jicho. Ile ilani ilikuja bila mwenyewe, nao wakaipa mwenyewe, Badi. Asubuhi ikawa yuwafanya kazi ofisini kwa Wazungu. Adhuhuri ikawa ndiye aliyeileta. Alasiri nilipokwenda kuchota maji, wanawake waliniachia njia wote, mfereji mzima kwangu, na ndoo yangu iliunguruma peke yake mpaka ikajaa. Nikasalimu. Hakuna aliyeitika ila Kaviha, naye aliitika chini chini akitazama miguu yake.

Darasa likapungua. Aliyebaki wa mwisho ni Ngowa, kisha naye akasema machimbo yana kazi nyingi.

Kisha mambo yakaanza kufanyika. Mabenchi ya darasa yalikutwa uani yamepasuliwa. Mlimau wangu, ule ambao wewe ulikula matunda yake ulipokuwa na mimba ya Tumu, ulikatwa usawa wa goti. Mlango ulipakwa lami. Juzi asubuhi jogoo wangu alikutwa kibarazani amenyongwa, na kipande cha chaki kimetiwa mdomoni mwake. Kila nikiuliza, jibu ni moja. Wallahi, mama, tumeona umekatwa. Wallahi, tumekuta amenyongwa.

Badi alimtazama yule jogoo, akaokota ile chaki, akaipangusa. "Darasa wameelewa, mama," akasema. Akaenda kazini.

Ndivyo alivyo. Kiburi hicho amekirithi kwa babake, kwangu hakikutoka.

Jana Ngowa alikuja mchana mweupe, amevaa shati la kanisani. Nikamkaribisha, hakuketi. Akawa azungusha kofia yake mkononi.

"Mama, mwalimu ana watu wake wapi, wa upande wako?"

"Tanga. Kwa ndugu yangu Dhahabu."

"Tanga kuzuri. Nani asema hawezi kwenda akapunga upepo?"

"Ngowa, wewe ulikuwa ukitupa maskhara humu ndani. Leo mbona wazunguka?"

"Jumamosi jioni kuna mkutano mferejini, mama. Ataitwa. Imeamuliwa."

"Imeamuliwa na nani?"

Akaacha kuizungusha kofia. "Mama," akasema, "wewe pia ulikuwa darasani." Akavaa kofia yake akatoka, na mlangoni akageuka kuangalia kulia na kushoto kabla hajateremka.

Nilimwambia Badi. Ajibu nini? Asema vizuri sana, Jumamosi nitasimama niwaeleze, ni wanafunzi wangu, wataelewa. Asema nikikimbia ndio nimekubali kwamba ni mimi. Ana kichwa, Dhahabu, lakini hakumwona yule jogoo kama nilivyomwona mimi. Mtu aliyemnyonga kuku kwa mikono na kukumbuka kuja na chaki, huyo hataki kuelezwa.

Basi nikamdanganya, Mungu anisitiri. Nimemwambia Shemeji ana harusi ya kwenda Ijumaa na hana kofia, na ya posta itachelewa. Kwa mamake hakatai. Akaomba ruhusa ofisini, akakunja nguo za siku mbili. Mimi nikamwongezea nyingine chini bila kumwonyesha, na kile cheti nimekitoa kwenye fremu nikakishona ndani ya bitana ya mfuko. Utakipapasa. Ukutani nimemrudisha marehemu mahali pake.

Sasa kumzuia. Nguvu hazifai, wala usiseme mimi mgonjwa, atarudi mbio. Mwambie hivi: mwambie wewe na Shemeji mwataka kujifunza Kiingereza, na kwamba hapo mtaani kwenu kuna watu wengi hawana mwalimu. Muulize, hii kauli ya kutendwa yafanywaje, mbona yatushinda? Ataomba ubao. Wallahi ataomba ubao kabla hajamaliza chai yake. Nawe uwe mzito wa kuelewa, najua hutapata taabu. Leo usielewe, kesho usielewe, Jumamosi ipite hujaelewa. Ikishapita, mpe habari pole pole, na umwambie mamake asema abaki.

Najua utauliza, na wewe Mwanamkasi? Mimi siji. Nyumba hii aliijenga mume wangu kwa mikono yake, na mwisho wa mwaka haujafika. Tena nikiondoka na mimi, hati ile itabaki pale nguzoni bila wa kuijibia.

Nimekwisha kupanga. Jumamosi nitaoga, nitavaa buibui langu jipya, nitakwenda mferejini kabla yao niketi juu ya ndoo, kwa ajili ya magoti. Watakuja. Wataniuliza mwalimu yuko wapi. Nitasema amesafirishwa. Na najua Gershom, au yeyote atakayekuwa mbele, ataniuliza amesafirishwa na nani. Nitajibu, na mimi. Na yale maneno ya Kiswahili chini ya ilani yaliandikwa kwa amri ya nani? Yangu. Hati ni ya mwanangu, neno ni langu, mimi Mwanamkasi, niliyewapikia uji wakisoma. Nami nitawauliza mmoja mmoja kwa jina, mlimau wangu nani aliukata? Mimi nimejitaja. Na wao wajitaje.

Kaviha atakuwapo. Nitamtazama yeye kwanza.

Habari ikija huko kabla ya barua yangu nyingine, usimpe yeyote mwingine aifikishe kwa Badi. Mwambie wewe mwenyewe, na umwambie yote, usimfiche mtenda.

Nisalimie Shemeji Nassor, kofia nadhani itambana kidogo, kichwa chake nakikumbuka kwa makisio tu. Nisalimie Tumu na mwanawe, kama amekwisha zaliwa, mwambie nimemwekea leso mbili. Msalimie Mwana Nana jirani yako kama angali hai. Badi hapendi pilipili nyingi, na asubuhi asiponywa kahawa hasemi na mtu, usidhani amenuna.

Mola akuhifadhi wewe na walio chini ya dari yako, na huyo niliyemwongeza leo awe katika hesabu ya wanao.

Wako akupendaye tangu sahani moja ya ukoko,
Mwanamkasi, mamake Badi