Macho ya Kocha Bado Hayajachorwa

Mpendwa dada mshauri, shikamoo, nisaidie kabla ya Jumatatu maana jambo hili limenizidi. Mimi ni kibarua wa ujenzi, niliishia darasa la sita, niko mbali na kwetu huu mwaka wa nne, nachanganya zege na kutumwa kila kitu, na raha yangu ni moja tu, picha za watu wa mpira. Nilianza kwa kukata za magazetini, wachezaji na makocha wa timu kubwa, nikazibandika juu ya kitanda, nikilala nawaona, nikiamka wapo, upweke ukapungua. Baadaye nikampata mchoraji wa mabango ya maduka, nikawa nampelekea vipande vya plaiwudi vinavyobaki kazini anichoree wachezaji wetu wenyewe, maana sisi vibarua tuna timu na kila Jumapili tunacheza.

Wa kwanza alikuwa golikipa wetu, tunamwita Komeo. Mchoraji alimpatia mpaka kovu la kidevuni, Komeo akacheka, "Hata mke wangu hajawahi kuniangalia hivi!" Wiki mbili hazikuisha akaanguka kutoka jukwaa la mafundi la nyuma ya jengo, akavunjika nyonga, akarudishwa kwao. Nikasema ni bahati mbaya. Nikamchorisha winga wetu, Upepo, picha ikakauka Alhamisi nikaitundika, Jumanne akaanguka palepale, na yeye, dada, hakuamka tena. Msimamizi hupenda kuwapandisha wachezaji pale kwa sababu wana miguu myepesi, na vyuma vya kushikia jukwaa lile, tangu kabla ya Komeo, vilihamishiwa mbele ya jengo akasema tufunge kamba kwanza, nikafunga mimi, lakini hayo ni mambo ya kazi, mimi nakuuliza habari za picha.

Sasa watu wananikwepa. Fundi bomba ninayeishi naye chumba kimoja amehamishia godoro lake kwenye korido. "Ndugu yangu, usinitazame sana, usije ukanichorisha na mimi." Alisema kama utani lakini hakucheka.

Kibaya zaidi, picha ya tatu ni ya Kocha. Kocha wetu ni fundi wa kupiga lipu, mtu mzima, ndiye aliyenipokea nilipofika huku sina hata blanketi, namwita kaka. Alikaa mbele ya mchoraji Jumapili mbili, "Kitambi kiache hukohuko, chora kuanzia kifuani!" Yamebaki macho tu. Jana akaniita pembeni.

"Mdogo wangu, macho bado?"

"Bado, kaka."

"Basi yaache hivyohivyo."

Sijawahi kumwona anaogopa. Na Jumatatu ndiye anayepanda jukwaa la nyuma, maana vijana wote wamekataa na yeye kasema hawezi kumlazimisha mtoto wa mwenzake. Nimenunua kiberiti. Je, nizichome picha zote, hata za magazetini, au nikizichoma ndiyo namuua?

Kibarua mwenye kiberiti

*

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako ilifika Jumatano, nimeitanguliza mbele ya nyingine zote, na namba ya simu uliyoniandikia nimeipiga mara tatu haipatikani. Kwa hiyo soma hapa gazetini, na usome polepole. Kiberiti weka chini.

Pole kwa Upepo. Pole sana, maana najua hata kumlilia vizuri hujapata nafasi. Sasa nikugombeze. Umeniandikia kovu, kitambi, na siku picha ilipokauka, halafu kamba umeipa nusu mstari ukaipita mbio. Mbona hivyo? Moyoni unajua. Picha unaweza kuichoma ukanawa mikono. Kamba uliifunga wewe.

Hebu fikiri. Wewe unachorisha wachezaji. Msimamizi anapandisha wachezaji. Jukwaa likiwaangusha, unalaumu plaiwudi! Angekuwa anapandisha wapishi, wangeanguka wapishi, na hakuna aliyewahi kuwachora.

Sikuiti muuaji. Uliamriwa, na aliyehamisha vyuma ana cheo chake na atakuja kuulizwa. Lakini tangu siku aliyoanguka Komeo ulikuwa na neno la kusema, ukalimeza. Hilo ni lako na sitakupunguzia.

Leo hii, ukimaliza kusoma, nenda kwa Kocha. Usimwanzie habari za picha. Mwambie, "Kaka, jukwaa la nyuma limeshikwa na kamba tu, na niliyefunga ni mimi." Mwambie mbele ya wenzenu, lisije likaishia baina yenu wawili. Unaogopa watakutazama vibaya, unaogopa kufukuzwa na uko mbali na kwenu. Ogopa. Nenda na woga wako hivyohivyo. Jumatatu ofisi ya kazi ya serikali ikifunguliwa, Kocha na wengine watatu wawe mlangoni wamlete mkaguzi wa usalama kazini.

Picha ya Upepo ifunge vizuri ifike kwa mama yake. Ya Komeo mpelekee mwenyewe, apate cha kuchekea kitandani. Ya Kocha ingoje, na siku jukwaa litakapokuwa na vyuma vyake, mchoraji amalizie macho.

Wewe ofisini usiende, una kazi nyingine. Wahi Jumatatu kabla watu hawajaingia. Ngazi ya jukwaa la nyuma iondoe kwa mikono ileile iliyofunga kamba, ilaze chini, uikalie mpaka mkaguzi afike.