Bibi Harusi Ukutani Kwangu

Bergen, Norwe

Kaka yangu Shaibu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa barazani, siyo umelala, na wifi Somoe yuko karibu anakugombeza kama kawaida yake. Goti linaamkaje siku hizi? Wifi aliniambia asubuhi zenye ubaridi linakaza mpaka jua lipande. Mama naye macho yake vipi? Mimi mwili wangu mzima, namshukuru Mungu. Mvua ya huku hainyeshi ikaondoka, inakuja na kukaa kama mgeni aliyebeba na mkeka wake. Kazi ninayo, ile ile ya kutafsiri maelezo ya dawa na mashine kwa Kiswahili, na bado naifanyia nyumbani.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Simu nimeijaribu mara nne. Kila nikianza unanikatiza, unasema, "Achana na hayo, Zuhura," halafu unaniuliza kama nimekula. Karatasi huwezi kuikatiza. Nakuomba uisome mpaka mwisho, hata kama katikati utataka kuikunja.

Nianze na ile video ya mtoto wa kiboko. Ninyi mlikuwa mkimwona kila wiki, pale mto wetu unapokaribia kuingia baharini, wala hakuna aliyehangaika naye. Mpaka siku ile dereva wa bodaboda aliyekuwa akingoja abiria kivukoni alipompiga picha akitoka majini nyuma ya mama yake, magugu yamemfunika uso kama shela, anatembea polepole, na watoto wa kijiji wanapiga vigelegele wakimwita Bibi Harusi. Mimi nilioneshwa na bosi wangu, mama mmoja anaitwa Solveig, ambaye hakujua hata ni nchi gani. Niliitazama mara moja tu nikaujua ule ukingo. Ndipo Mama alipokuwa akitupeleka kuosha masufuria. Nililia, kaka. Miaka sita sijaja nyumbani, na sasa nyumbani kumenikuta kwenye simu ya mtu mwingine.

Baada ya wiki mbili Bibi Harusi alikuwa kila mahali. Walimchora kwenye vikombe, kwenye fulana, kwenye soksi. Na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimehamia nyumba yenye chumba kidogo cha ziada, dirisha moja, kuta nyeupe kama za zahanati. Huko ndiko ninakofanyia kazi kutwa. Nikasema nitakigeuza kiwe ofisi ya kuufurahisha moyo, na nitakipamba kwa Bibi Harusi, kwa sababu katika mji huu mzima ni mimi peke yangu ninayeweza kusema huyu ni wa kwetu.

Nakueleza kwa kirefu maana nataka ujue muda wangu ulikwenda wapi. Nilitafuta rangi ya ukuta inayofanana na tumbo la kiboko, ile kijivu inayoingia kwenye waridi, nikarudi dukani mara tatu. Nilinunua zulia la duara la sufu, rangi ya tope. Nilitandika juu ya kiti mkeka wa ukili alionisukia Mama. Nilipata taa ya mezani yenye umbo la kiboko aliyefumbua mdomo, mwanga unatokea kooni. Na kwenye ukuta ninaoutazama nikiwa kazini nilimchora Bibi Harusi mwenyewe kwa mkono wangu, kuanzia chini mpaka kifuani kwangu, na magugu yake kichwani. Wiki tatu nzima. Kila jioni nikimaliza kazi nashika brashi. Palipendeza, siwezi kukudanganya. Nilikuwa nikiingia na kikombe cha chai, mvua inapiga dirishani, najiona kama nimerudi kwetu.

Ni katika wiki hizo hizo Mjomba Hassani alinipigia. Aliniambia kijiji kimekaa mkutano. Mama yake Bibi Harusi alikuwa ameingia kwenye mpunga wa bondeni mara kwa mara, amekula wa Mama, amekula wa Somoe, na kilichoogopesha zaidi ni kwamba tangu ajifungue amekuwa mkali, anaifukuza mitumbwi inayovuka kwenda mashambani. Walikwisha kuandika barua kwa wakubwa wa wanyamapori wakaambiwa haina maelezo ya kutosha. Mjomba akasema, "Wewe kazi yako ni maneno, mwanangu. Tuandikie barua iliyonyooka, waje wamwone kabla hajaua mtu." Akanitumia picha za mpunga uliolala chini na sauti za akina mama wakieleza siku waliyofukuzwa.

Nikamwahidi Ijumaa. Ijumaa ilipofika nilikuwa nachora masikio, na masikio yalikuwa yananishinda. Alipopiga tena nikamwambia nimeshaianza. Sikuwa nimeianza, kaka. Hata zile sauti sikuwa nimezisikiliza zote.

Lakini siyo uvivu tu. Kama ungekuwa uvivu ningekueleza kwa simu.

Nilikuwa nimeweka picha za chumba changu mtandaoni, na watu walizipenda kuliko nilivyotarajia. Nilipoandika kwamba nimezaliwa kwenye ukingo ule ule, wakazipenda zaidi. Wageni kabisa wakawa wananiuliza habari za kwetu, nami nikawa najibu kama msemaji wa mto. Mara zikaja habari kwamba huenda viboko hao watahamishwa. Watu wakaanzisha ombi la kukusanya majina kuzuia jambo hilo. Wakaniomba niseme neno, kwa kuwa mimi ni mwenyeji. Nikatazama ule ukuta wangu, rangi bado mbichi, nikaona nikinyamaza nitaonekana si mwenyeji wa kweli. Nikaandika. Maneno yenyewe ni haya: "Mimi nimezaliwa hapo. Huyu mtoto ni kama wetu sote, na mama yake hajawahi kumdhuru mtu. Waacheni walipo."

Niliyaandika nikiwa na sauti za akina mama wa kijijini kwetu ndani ya simu hiyo hiyo.

Yalisambaa. Kila aliyelisambaza ombi aliyaweka juu kabisa.

Siku uliyoumia ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimeiwasha ile taa na najirekodi nikionesha chumba kilivyokamilika, kwa hiyo simu nilikuwa nimeizima sauti. Nilipokuja kuitazama, wifi alikuwa amepiga mara saba. Nikampigia. Hakulia, unamjua. Alisema tu, "Kaka yako yuko Mtwara, hospitali. Yule mama kiboko ametupindua." Akanieleza kwamba mlikuwa mnavuka kwenda kuangalia mpunga, adhuhuri, jua kali, maji yametulia. Kwamba alitokea chini ya mtumbwi, na yeye Somoe alitupwa upande wa magugu, na wewe upande wa mtoto. Kwamba alikuuma goti mara moja akakuachia. Kwamba ilikuwa bahati tu pikapu iliyoleta salfa ya mikorosho ilikuwa bado haijaondoka kijijini, wakakulaza juu ya magunia. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya zulia jipya, na ile taa inawaka.

Barua ya Mjomba niliiandika siku iliyofuata. Ilinichukua saa moja na nusu. Naliandika hilo hapa kwa makusudi. Saa moja na nusu, pamoja na kupanga picha na kuyaandika maneno ya zile sauti. Ningeweza kuimaliza ile Ijumaa ya kwanza, kabla hata ya chai ya pili.

Ulipopata nguvu ya kuzungumza, ulinipigia kutoka wodini. Huenda huikumbuki vizuri simu ile, maana walikuwa wamekupa dawa za maumivu. Mimi naikumbuka yote. Kwanza ulimtetea kiboko. Ulisema, "Yule ana mtoto wake. Mimi ndiye niliyepita katikati yao." Kisha ukanisimulia kwamba wiki moja kabla ya ajali kuna bwana wa wanyamapori alitumwa kijijini kuwasikiliza, na Mjomba alipoeleza hatari, bwana yule alitoa simu akawasomea maneno ya mtu. Akasema wenyeji wenyewe wanasema mnyama hana madhara. Mkutano ukabaki kutazamana. Ukaniambia, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei ya dagaa, "Sijui ni nani huyo wa kwetu. Atakuwa hata mto haujui."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chenye mkeka wa Mama. Ukadhani mtandao umekatika, ukaita jina langu mara mbili, halafu ukakata.

Ni mimi, kaka.

Nimelibeba neno hilo miezi minne. Sijui kama bwana yule angechukua hatua siku ile kama nisingeandika. Nimejiuliza sana, na kila nikipata jibu la kunipunguzia lawama naliona limekaa vizuri mno. Ninachojua ni kwamba mlisimama mbele yake mkisema kweli, na sauti yangu ikatumika kuwafanya mwonekane waongo. Na wewe ndiye uliyekuwa ukinipakia kwenye baiskeli kila Jumapili kunirudisha shule, mchanga mpaka nusu ya gurudumu, unasukuma na mimi nimekaa, ili nikajifunze hayo hayo maneno.

Wifi aliniambia sasa unasali umekaa kwenye kiti cha plastiki, safu ya nyuma, kwa sababu goti halikunji. Wewe uliyekuwa unakimu sala, unasimama nyuma ya imamu kabisa. Alinitajia kama habari ya kawaida, akaendelea na habari za kuku. Mimi sikusikia habari za kuku.

Nikueleze nilichofanya, siyo ili nisifiwe. Nilirudi kule mtandaoni nikaandika kwa jina langu kamili kwamba niliyosema ni uongo, kwamba akina mama wa kwetu walikuwa wamefukuzwa na mimi nilijua, na kwamba mtu ameumia. Sikutaja kwamba ni kaka yangu. Niliona nikisema hivyo watanihurumia mimi. Wengi walinitukana. Wengine walisema nimehongwa. Solveig alinipigia akaniuliza kama niko salama, na nilipomweleza yote akasema atakitoa mezani kikombe chake chenye Bibi Harusi. Nikamwambia kikombe hakina kosa.

Chumba nilikifunga, nikawa nafanyia kazi jikoni. Baadaye nikaingia nikaondoa taa, zulia na vitu vingine, nikavipeleka mahali wanapogawa vitu vilivyotumika. Mkeka nimebaki nao. Ukuta nimeupaka nyeupe mara mbili, lakini asubuhi mwanga ukiingia kwa ubavu bado namwona.

Mjomba aliniambia safari ile ya pili walikuja watu watatu, na barua yangu mkononi, wakakaa siku mbili, wakaenda bondeni kwa miguu. Kwamba wamekubaliana kuhamishia njia ya kuvukia upande wa juu wa mto, mbali na anapolelea mtoto, na kuchimba mfereji wa kuwazuia viboko upande wa mpunga. Kwamba mfereji umefika nusu. Alinishukuru. Alisema, "Barua yako imesikika, mwanangu." Shukrani hiyo ndiyo iliyonifanya nimpigie tena jana na kumwambia kweli kabla yako. Nisamehe kwa kukutangulizia yeye. Niliogopa nikianza na wewe utanisamehe haraka, nami nitaridhika.

Mjomba hakupiga kelele. Alisema, "Hilo siwezi kulipokea peke yangu. Waliosomewa maneno yale walikuwa mkutano mzima. Njoo uwaambie mwenyewe."

Nimeomba likizo na nimepata. Nitafika korosho zikiwa zinaokotwa. Barua hii nimempa dada mmoja wa Mikindani anayerudi wiki hii; itanitangulia kama siku kumi. Usimfiche Mama, ila usimsomee wewe, mwache Somoe amsomee, maana wewe utaruka sehemu.

Nisalimie Mama, umwambie mkeka wake bado haujakatika hata ukindu mmoja. Msalimie wifi yangu Somoe, ambaye naye alitupwa majini siku ile na hakuna aliyemuuliza kama aliumia. Naomba umuulize, na unijibu. Msalimie Mjomba Hassani, na shangazi Rukia muuza samaki wa ng'onda, na imamu wetu.

Nitashukia Mtwara, nitachukua bajaji mpaka stendi, na kutoka hapo nitafika kijijini. Sitakuja kwako. Nitafikia kwa Mama, nitasimama mkutanoni siku watakayoniambia, na baada ya hapo nitakaa pale uani kwa Mama. Nyumba yako iko hatua arobaini tu, najua, lakini hatua hizo sitazipiga mpaka uniite. Ukiniita nitakuja. Usiponiita mwaka huu, nitaelewa, na mwakani nitakuja tena nikae pale pale.

Mdogo wako,
Zuhura