Magunia ya Maganda

Chuoni, Bariadi,
11 Agosti 2024

Mpendwa Nyamizi,

Mwangaluka, dada. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, wewe na watoto, na kwamba upepo wa ziwani haujakurudishia kile kifua kilichokusumbua mwaka juzi. Biashara inaendaje? Nasikia sato wameadimika na wachuuzi wengi wa Lamadi sasa wanaishi kwa dagaa. Na mayu, mama yako aliyenilea kama wa tumbo lake, miguu yake ikoje? Bado inavimba akikaa sana? Mimi ni mzima wa mwili. Huku pamba imeshavunwa, nyasi zimekwisha, na vumbi linaingia mpaka kwenye kopo la sukari.

Nimekupigia tangu Desemba na namba haipatikani. Gregory, yule anayeleta samaki hapa sokoni kila Jumatatu, ndiye aliyeniambia anaijua meza yako na kwamba anaweza kukufikishia bahasha. Nimeshukuru kwamba ni barua. Kwenye simu ningekata kabla ya kufika ninapotaka kufika.

Nianze na habari za kazi, maana huko ndiko mambo yalikoanzia. Mwaka jana mwezi wa Mei mkuu wa chuo aliniita ofisini, akasema kwamba pamoja na kufundisha biolojia nitasimamia taka za chuo. Tuliletewa mapipa ya rangi tatu: la kijani la maganda na mabaki ya chakula, la bluu la chupa na plastiki, na jeusi la uchafu mwingine wote. Wanachuo walicheka wiki ya kwanza. Walitupa popote mkono ulipoishia. Lakini kulikuwa na binti wa mwaka wa pili, Goodness, mtoto wa Kilimanjaro, ambaye alisimama pale kila mchana amevaa glavu, akiwaelekeza wenzake bila kuchoka mpaka wakampa jina la Bibi Afya. Mwezi ulipokwisha, hata wapishi walikuwa wanajua chupa inakwenda wapi. Nilijivuna, Nyamizi. Nilikutumia meseji yenye picha, sijui kama unaikumbuka.

Halafu Alhamisi moja trekta la taka lilikuja sisi tukiwa tumesimama palepale. Vijana wa tela walinyanyua pipa la kijani wakamwaga, wakanyanyua la bluu wakamwaga humohumo, na jeusi humohumo. Goodness alivua glavu zake taratibu, akaniuliza, “Mwalimu, sasa tunatenga kwa ajili ya nani?” Nilimfuata dereva. Alinijibu kwa upole tu kwamba tela ni moja na shimo ni moja. Nilikwenda kwenye ofisi inayohusika, nikaambiwa mpango wa kutenganisha upo, ila si wa mwaka huu. Nilirudi tena, nikamkuta mwingine, naye akaniambia maneno yaleyale kana kwamba walikuwa wameyakariri pamoja.

Ndipo nikapata wazo la maganda. Niliona kwamba kama chupa zimenishinda, angalau maganda ya ndizi, ya viazi na mabaki ya kabichi yasiende kuoza shimoni. Unajua kiangazi cha mwaka jana kilivyokuwa. Kaka yangu Mayige alikuwa anawapeleka ng'ombe hadi mbuga za mbali na wanarudi matumbo yamebonyea, na mashudu ya pamba hayakamatiki. Nikaanza kumpelekea magunia, mawili kila Jumanne na mawili kila Ijumaa, yamefungwa nyuma ya pikipiki. Mkuu wa chuo alifurahi sana. Wageni wa mkoani walikuja, wakanipiga picha nikiwa katikati ya magunia, na picha ile bado imebandikwa kwenye ubao wa matangazo hapa nje ya darasa langu. Naipita kila asubuhi.

Yaliyofuata kijijini unayajua, lakini yavumilie niyapange kama nilivyoyaona mimi. Mwezi wa Agosti yule maksai mwekundu wa kulimia aliacha kucheua. Tumbo likajaa upande wa kushoto, kinyesi kikakatika, akasimama siku nne bila kugusa majani, siku ya tano akalala, hakuinuka tena. Wiki mbili baadaye ikawa zamu ya ng'ombe wa maziwa, mwenye mimba. Mayige alibadilika sura. Alikwenda kwa mganga huko ng'ambo ya mto, akarudi na jibu kwamba mbaya wake ni mwanamke wa jirani, mjane, ambaye mlango wake unatazama machweo. Hakuambiwa jina. Hakuhitaji. Mayu alikuwa amekuja kuomba maziwa ya chai jioni ile kabla ng'ombe hajaugua, kama alivyokuwa anakuja jioni zote tangu sisi tukiwa watoto.

Ng'ombe wa tatu alikufa Septemba, na Jumapili iliyofuata ukaitwa mkutano wa sungusungu. Wewe uliletwa na bodaboda ukiwa umechelewa, kwa hiyo hukusikia mwanzo. Mayige alisimama akahesabu ng'ombe wake waliokufa, akasema hataki damu ya mtu, anachotaka ni amani ya boma lake. Wazee wakasema mama asiguswe, ila ndani ya siku saba awe ameondoka. Walisema hivyo kama watu wanaotoa zawadi. Mayu hakubishana. Alitazama upande wetu wanawake, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata, akaniuliza mbele ya wote, “Lukresia, wewe umesoma. Na wewe unaamini ni mimi?”

Wewe ulikuwa umeshafika wakati huo. Ulisikia nilivyojibu. Nilisema, “Sijui, mayu.”

Nyamizi, nilijua.

Siku nne kabla ya mkutano ule nilikuwa nyumbani ng'ombe wa tatu alipokufa. Mayige alikuwa amekwenda kwa mganga kwa mara ya pili. Nilimpigia Clement, afisa mifugo wa kata, nikamwomba ampasue ng'ombe yule. Tulikuwa wawili tu pale nyuma ya boma. Alipofungua tumbo kubwa alitoa donge lenye ukubwa wa kichwa cha mtu, zito, limesokotana kama kamba, akalikata kwa kisu. Ndani yake kulikuwa na mifuko laini ya nailoni, nyuzi za magunia, na karatasi za plastiki za mkate wa kantini yetu, zile zenye mistari ya njano. Nilizijua kabla hajazisuuza. Clement hakunilaumu. Alisema tu kwamba hao wawili waliotangulia bila shaka walikufa kwa jambo hilohilo, na kwamba mwenye ng'ombe aelezwe. Nilimwomba aniachie nimweleze kaka mwenyewe. Akakubali, akafukia lile donge, akaondoka.

Na hata hilo si mwanzo wa kosa langu. Mwezi wa kwanza mimi na Goodness tulikuwa tunamwaga kila gunia juu ya turubai na kuchambua kwa mikono. Mitihani ilipofika yeye akabanwa na masomo, nami nikachoka, nikawaruhusu wapishi wafunge magunia moja kwa moja kutoka jikoni. Niliiona mifuko ndani ya maganda. Niliiona kwa macho yangu, nikasema moyoni ng'ombe atachagua mwenyewe. Mimi, mwalimu wa biolojia.

Kwa nini sikusema mkutanoni? Nimejiuliza mwaka mzima na kila jibu ninalolipata ni dogo kuliko siku zile saba. Niliogopa uso wa kaka. Niliogopa chuo, ile picha, wale wageni. Nilijiambia nitamweleza Mayige faraghani hasira ikipoa, kisha nitamwambia kesho, kisha keshokutwa, na siku ya saba nikakuona umefunga mkeka na sufuria nyuma ya bodaboda, mayu amekaa katikati amejifunika khanga uso mzima. Nilikuwa nimesimama kwenye ua wa minyaa. Ulinitazama ukadhani nalia kwa huruma.

Baada ya Pasaka nilimwambia Mayige yote. Nilitegemea angenipiga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, “Sawa, ni mifuko. Na ni nani aliyemtuma ng'ombe wangu aile?” Nikamwambia hakuna aliyemtuma, ng'ombe mwenye njaa anameza kila kitu. Akasema ng'ombe wa jirani yetu Masunga nao wana njaa na hawakufa. Nikamwambia Masunga hakuwahi kuletewa magunia yangu. Akainuka akaenda kufunga ndama. Tangu siku hiyo tunasalimiana vizuri, hatugombani, na hakuna neno langu linaloingia.

Nilikwenda kwa wazee. Waliniambia jambo lilikwisha na kijiji kimetulia, kwa nini nifukue. Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji, akaniambia nilete kwa maandishi. Nimepeleka, nakala ninayo hapa, imegongwa muhuri wa kupokelewa, na hakuna kingine kilichotokea. Nilimtafuta Clement, siku hizi amehamishiwa Mwandoya. Aliniambia ripoti yake aliiandika siku ileile na ipo kwenye faili, ila hakuna mtu aliyewahi kuiomba. Nyumba ya mayu imebomoka upande mmoja na kiwanja chake mwaka huu kimevunwa dengu. Sikutaka kukuandikia hilo, lakini nimeshachoka kuchagua ya kukuficha.

Magunia niliyasimamisha siku ile Clement alipopasua. Maganda sasa yanakwenda na trekta pamoja na yote mengine, na nilipolifuata shimoni mara moja nilikuta ng'ombe wa watu wanakula palepale juu ya lundo, wekundu, weupe, wa mabaka, vichwa vimezama ndani ya nailoni. Niliwafukuza kwa fimbo. Wakasogea hatua chache wakanisubiri nichoke. Mchungaji wao, mzee mmoja, aliniuliza ninawafukuzia wapi, maana kwingine kote hakuna kitu. Niliitupa fimbo nikarudi chuoni. Goodness alihitimu mwezi uliopita. Mapipa matatu bado yapo, na wanachuo wapya wanatenga vizuri kuliko wa zamani.

Siandiki ili unisamehe. Naandika kwa sababu mayu anaishi huko akidhani labda kweli ana kitu mwilini mwake kinachoua mifugo ya watu. Nakumbuka jirani mmoja aliniambia kwamba siku zile saba alikuwa anajizuia hata kuwagusa wajukuu. Hilo tu ndilo ninaloweza kulitoa mabegani mwake. Kurudi nyumbani siwezi kumpa, wala heshima yake mbele ya kijiji. Ukitaka nije Lamadi niseme kwa kinywa changu, mwambie Gregory neno moja na nitapanda gari lake siku hiyohiyo. Usipomwambia kitu, nitaelewa, na sitakuja kukuvizia sokoni.

Wasalimie watoto wote, na mkubwa mwambie nimesikia amefaulu kwenda kidato cha tano, nimefurahi. Anna wa mama mdogo anakusalimu, amejifungua mtoto wa kiume. Desturi inataka nimalizie kwa kukutuma umsalimie mayu. Sikutumi. Msomee kwanza barua hii yote, polepole, kwa Kisukuma, usiruke hata mstari mmoja kwa ajili ya kunihurumia. Ukimaliza, akikuuliza kama nimemsalimia, mwambie nimeona aibu.

Mimi,
Lukresia